Ukumbi wa Mama Maabara: Waulize walikuwa wanatafuta nini

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zimebeba kitu kimoja ndani yake: karatasi ya majibu ambayo mwenyewe hakuelezwa maana yake. Nimefanya kazi maabara miaka 34. Nilianza na darubini ya kioo iliyotegemea jua la dirishani, nikastaafu nikiacha mashine zinazosoma vinasaba vya vimelea. Miaka yote hiyo nilitoa majibu kupitia kidirisha kidogo, mtu anachukua karatasi yake anaondoka, na nyuma yake foleni inasukuma. Hapa hakuna foleni, basi tuongee.

Shikamoo Mama. Mimi ni mchimbaji mdogo, Geita. Nilikohoa miezi miwili, nikapimwa makohozi kwa darubini mara mbili, wakasema sina TB. Nikahamia kituo kingine, makohozi yakawekwa kwenye mashine ya GeneXpert, siku hiyo hiyo nikaambiwa TB ipo ila haina usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Nimeanza dawa. Nani aliniongopea? Na mwenzangu wa duara moja, yaani shimo moja la machimbo, alimaliza dozi mwaka jana. Amepimwa tena kwa mashine hiyo, wanasema imeona "chembe kidogo sana". Amechanganyikiwa, halali. — Mchimbaji, Geita

Marahaba mwanangu, pole na kifua. Hakuna aliyekuongopea. Vipimo viwili vilitafuta vitu viwili tofauti.

Darubini inamtafuta mdudu mzima. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi nyekundu, kisha yanaoshwa kwa tindikali. Rangi inatoka kila mahali isipokuwa kwa bakteria wa TB, ambao ngozi yao ya nta inaing'ang'ania. Juu yake tunaweka rangi ya bluu. Unachotafuta ni vijiti vyekundu vyembamba kwenye uwanja wa bluu, na kabla ya kuandika "hakuna" unapaswa uwe umepitia viwanja 100 vya kioo hicho. Nimeinamia lenzi hizo asubuhi nzima hadi shingo ikakakamaa. Lakini ili kijiti kimoja kikutane na jicho langu, kila mililita ya makohozi inahitaji kuwa na bakteria kama 5,000 hadi 10,000. Aliye na 2,000 anakohoa, anakonda, anatoka jasho usiku, na mimi naandika hasi kwa mkono wangu mwenyewe. Nimewahi kuandika hasi kwa mtu, akarudi baada ya miezi mitatu akiwa amebebwa. Sikukosea kazi, ila macho yangu yalikuwa yamefika mwisho wake.

Mashine haimtafuti mdudu. Inatafuta maandishi yake, yaani kipande cha kinasaba ambacho bakteria wa TB peke yake ndiye anacho. Kikopo chako kilipofika, fundi aliongeza dawa mara mbili ya makohozi, akatikisa, akasubiri dakika 15. Ule ute unaovutika kama mlenda wa bamia unalainika hadi unakuwa maji. Akavuta mililita 2, akazitia kwenye katriji ya plastiki inayolingana na kiganja, akafunga, akaiingiza kwenye mashine. Humo ndani bakteria wanapasuliwa, vinasaba vyao vinatoka, na kile kipande kinachotafutwa kinanakiliwa: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Mizunguko 30 ya namna hiyo inakigeuza kipande kimoja kuwa zaidi ya bilioni moja, na hapo hata mashine isiyo na macho inakiona. Mbinu hiyo ya kunakili aliibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Shirika la Afya Duniani liliipitisha GeneXpert kwa TB Desemba 2010, na katriji mpya ya Ultra, ya mwaka 2017, inaweza kugundua hata bakteria kama 16 kwa mililita. Linganisha na wale 5,000 wa darubini yangu, utaelewa kwa nini ulipimwa mara mbili ukaachwa.

Sasa lile neno la usugu. Rifampisini inaua kwa kukwama kwenye kimeng'enya ambacho bakteria anakitumia kusoma jeni zake. Kimeng'enya hicho kinatengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo rpoB. Ndani ya jeni hiyo kuna kipande kifupi cha herufi 81, na zaidi ya asilimia 95 ya TB isiyosikia rifampisini huwa imebadilika herufi hapo. Mashine inakikagua kipande hicho katika safari ile ile moja. Kwako herufi ziko sawa, kwa hiyo rifampisini inatarajiwa kufanya kazi ukimeza dawa zako zote. Kabla ya mashine hizi, kujua jambo hilo kulitaka kuotesha bakteria, wiki sita, wakati mwingine zaidi ya nane, na mgonjwa yuko nyumbani anameza dawa isiyomsaidia huku analala chumba kimoja na watoto.

Mwenzako mwambie alale. Mashine inasoma maandishi, haijui kama aliyeyaandika yuko hai. Mtu aliyetibiwa TB anaweza kubaki na mabaki ya bakteria waliokufa kifuani kwa miezi, hata miaka, na katriji ya Ultra ni makini kiasi cha kuyaokota. Ndiyo maana maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dozi hatuyafuatilii kwa mashine hii. Tunarudi kwenye darubini, na inapobidi tunaotesha, kwa sababu mfu haoti. Arudi kituoni na kadi yake ya matibabu ya mwaka jana, aseme wazi kwamba alishatibiwa, wamwangalie dalili, picha ya kifua na majibu ya kuotesha. Chembe hizo hizo zingeonekana kwa mtoto, au kwa mtu anayeishi na VVU ambaye hajawahi kutibiwa TB, tungezichukua kuwa ni TB na dawa zingeanza.

Na wewe uliyeko mgodini: vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kuifungulia TB mlango. Wapeleke kupimwa mkeo, watoto na wenzako wa duara, hata wasiokohoa sana.

(Hapa Morogoro nilipostaafia, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa makohozi. Panya anapita juu ya sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na akisimama kwenye tundu moja na kukwaruza, sampuli hiyo inarudiwa maabara kuhakikishwa. Wamewakuta wagonjwa ambao darubini iliwapita. Hata harufu ya bakteria ni kiashiria, na mimi nawaheshimu sana wanyama wale.)

Mama, mimi ni mwalimu wa msingi, miaka 41, Dodoma. Nilitolewa uvimbe titi la kulia, majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe huo yakasema saratani. Sasa daktari anasema nisubiri kinyama hicho hicho kipimwe tena: ameandika ER, PR na HER2. Shemeji anasema wananizungusha ili nitoe hela zaidi, niende kwa wa mitishamba. Kama saratani imeshajulikana, wanapima nini tena? Na mabinti zangu wawili? — Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, kaa kwenye foleni hiyo. Ukitoka humo, usitoke kwa sababu ya shemeji.

Kusema "saratani ya titi" bado ni kama kusema "homa". Homa ya malaria na homa ya mkojo hazitibiwi kwa kidonge kimoja. Kipimo cha kwanza kilijibu swali "ni saratani?" Cha pili kinauliza "inakula nini?" na hapo ndipo dawa inapochaguliwa.

ER na PR ni vipokezi vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Seli za saratani zikiwa navyo, homoni zako mwenyewe zinazilisha. Kwa saratani ya namna hiyo kuna kidonge cha tamoxifen. Ni cha zamani na bei yake si ya kutisha, kinaziba kipokezi na kuinyima saratani chakula. Kukimeza miaka mitano kunapunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja. Lakini kwa saratani isiyo na vipokezi hivyo tamoxifen haina kazi, utameza bure na madhara yake utayapata.

HER2 ni habari nyingine. Kila seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni hiyo. Katika saratani za titi kama 15 hadi 20 kati ya 100, nakala zimezidi, seli inajaa protini ya HER2 juu ya ukuta wake na inakua kwa kasi. Zamani hiyo ilikuwa habari mbaya sana. Tangu 1998 kuna dawa ya trastuzumab inayokwenda kuikamata protini hiyo yenyewe. Kwenye kioo protini inapakwa rangi ya kahawia, na msomaji anaipa alama kuanzia 0 hadi 3. Ikiwa 3, jibu ni chanya. Ikiwa 0 au 1, ni hasi. Ikiwa 2, haijulikani, lazima jeni zenyewe zihesabiwe kwa kipimo kingine. Kwa hiyo wakikuambia "imetoka 2, tunarudia", wanafanya kinachopaswa kufanywa. Kama vyote vitatu ni hasi, silaha kubwa inakuwa upasuaji na dripu za kemo, na aina hiyo inatupata sana sisi wanawake wa asili ya Afrika, kwa hiyo haifai kuchelewa.

Kuna jambo ambalo silitamki kirahisi. Mdogo wangu wa tumbo moja alifanyiwa upasuaji wa titi mwaka 2006, katika hospitali ambayo sitaitaja. Fomalini, ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze, ilikuwa imeisha. Kinyama chake kikawekwa kwenye chupa yenye maji ya dripu, kikakaa kwenye rafu siku nne, kisha mpwa wetu akakabidhiwa akilete kwangu kwa basi ili nikipeleke kwa mwanapatholojia, daktari anayesoma vinyama. Nilipokaza mkono kufungua chupa, harufu ilinifikia kabla ya mfuniko kutoka. Nyama ilikuwa ya kijivu, imelegea kama tambi zilizolala, kingo zake zinamong'onyoka nikiigusa kwa koleo. Mwanapatholojia alijitahidi. Aliweza kuona saratani, vipokezi hakuweza, kwa sababu protini zilikuwa zimeoza. Mdogo wangu akapewa kemo peke yake. Baada ya miaka miwili ugonjwa ukatokea mifupani, akachukuliwa kinyama kingine, safari hii nikasimama mimi mwenyewe mlangoni na kopo la fomalini mkononi. Kipokezi cha estrojeni kilikuwa kimejaa. Akaanza tamoxifen siku hiyo, akaishi nayo miezi kumi na minne. Kidonge kile kilikuwepo duka la dawa tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo wewe, au ndugu anayekuuguza, muulize muuguzi maswali haya bila woga: kinyama kimewekwa kwenye fomalini? Fomalini ni nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama? Kiliingia humo saa ngapi? Kinatakiwa kilale kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Baada ya hapo kinazamishwa kwenye nta, kinakuwa kitofali kidogo kinachokatwa vipande vyembamba mno, karibu mara kumi na zaidi vyembamba kuliko unywele. Kitofali hicho kinadumu miaka mingi kikiwa kavu. Ukihamia hospitali nyingine, omba kiende na wewe. Nimeona wanawake wakikatwa tena kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba kitofali kipo kabatini.

Kuhusu mabinti: saratani za titi zinazotokana na jeni ya kurithi ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Jeni zinazojulikana zaidi ni BRCA1, iliyopatikana mwaka 1994, na BRCA2, mwaka 1995. Mwanamke aliyerithi mojawapo ikiwa na hitilafu ana uwezekano wa karibu 7 kati ya 10 wa kupata saratani ya titi akifikisha miaka 80. Kaa na wazee wenu, uliza nani aliugua titi au ovari, akiwa na umri gani, na usisahau upande wa baba, maana baba naye anarithisha. Umri wako wa miaka 41 unatosha kuuliza, na kama vipokezi vyote vitatu vitatoka hasi, uliza zaidi. Kipimo kinaanza na wewe uliyeugua. Wewe ukikutwa huna hitilafu, mabinti hawana cha kurithi kwako katika jeni hizo.

Shemeji mpe salamu zangu. Mwambie nami nilikuwa na mdogo.

Mama, kuna jamaa amekuja stendi na kompyuta. Unashika chuma mkononi dakika moja, inatoa kurasa arobaini za ini, figo, na "dalili za saratani". Nimelipa 10,000, imesema nina seli za saratani tumboni. Wanauza na dawa yake. — Mwenye hofu, Mbeya

Huna jibu lolote mkononi mwako, mwanangu. Kipimo cha maabara cha saratani au cha ugonjwa wa kuambukiza lazima kiguse kitu kilichotoka kwako: damu, makohozi, mkojo, kinyama, ute wa mlango wa kizazi. Ndani ya kitu hicho tunatafuta kiashiria, iwe protini, jeni au kipande cha kirusi. Chuma kilichoshikwa mkononi hakikuchukua chochote kwako, kwa hiyo hakina cha kusoma. Dawa usinunue. Kama tumbo linakusumbua kweli, unapungua uzito, unatapika au choo kimebadilika rangi, nenda hospitali wiki hii ukaeleze hayo, na zile kurasa arobaini ziache nyumbani.

Asalaam aleikum Bi Maabara. Mimi ni mke wa mtu, Mombasa, ndoa yangu ina miaka 16. Nilipimwa kwa kijiti cha pamba nilichojiwekea mwenyewe, majibu yakaja nina HPV ya hatari. Mume wangu asema hiyo ni dhahiri nimetoka nje, na yeye hana lolote. Wallahi sijatoka. Nyumba yataka kuvunjika. — Mwenye dukuduku, Likoni

Waaleikum salaam mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Msomee mumeo sentensi hii: kipimo cha HPV hakina tarehe. Kinatafuta vinasaba vya HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kwenye seli za hapo na kusema vipo au havipo. Hakisemi viliingia lini wala vilitoka kwa nani. Kirusi hiki kinaambukiza karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake, mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya ujana. Miili mingi inakifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wengine kinajificha kimya miaka mingi, kisha kinaonekana kinga ikilegea kidogo au umri ukisogea. Kinaweza kuwa kilikuja na wewe kwenye ndoa, au na yeye, miaka 16 iliyopita, na hakuna maabara duniani inayoweza kuwaamulia. Yeye kusema hana lolote pia hana msingi, kwa sababu wanaume hawana kipimo cha kawaida cha HPV. Hajapimwa, na hatapimwa.

Sasa tuache shauri la nyumba, tushughulike na shingo ya kizazi. HPV ya hatari si saratani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazohusika na karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na kwa kawaida kirusi kinahitaji miaka 15 hadi 20 kufikisha mtu kwenye saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa 5 hadi 10. Ndiyo faida ya kupima kinasaba cha kirusi: umeonywa mapema kuliko ambavyo jicho lingeona. Rudi kliniki, wakupake siki kwenye mlango wa kizazi ili doa lionekane, au wakutazame kwa kifaa cha kukuza. Wakikuta doa, linachomwa au kugandishwa siku hiyo hiyo na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Pima na VVU kama hujapima, kwa sababu mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita, na ratiba yake ya kurudi kupimwa ni ya karibu zaidi. Na kama una binti wa miaka 10, Kenya inatoa chanjo ya HPV tangu 2019, mpeleke.

Mumeo akikubali, nenda naye kliniki. Muuguzi akimweleza hayo kwa kinywa chake, ataelewa vizuri kuliko mkibishana chumbani.

Dada yangu, mimi ni mzee wa miaka 66, Songea. Mkojo ulifunga, nikawekwa mpira. Wiki mbili baadaye wakapima PSA, imetoka 7.4. Kijana wa maabara akaniambia "Mzee, hiyo ni saratani ya tezi dume". Nimeshaanza kugawa mashamba.

Shikamoo kaka. Mashamba yasubiri kwanza.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, yenye saratani na isiyo nayo. Inapanda tezi ikivimba kwa uzee, ikipata maambukizi, na inapanda hasa baada ya mkojo kufunga na kuwekewa mpira, mambo ambayo wewe umepitia yote mawili. Mpaka unaotumika sana ni 4. Katika tafiti za nchi za Magharibi, wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10 wakichukuliwa kinyama, karibu mmoja kati ya wanne ndiye anakutwa na saratani. Kijana yule hakupaswa kutamka alichotamka. Kazi yetu maabara ni kutoa namba, na jina la ugonjwa linatoka kwa daktari aliyekushika na kukupima. Rudia PSA baada ya wiki sita hivi tangu mpira utolewe na maambukizi yatibiwe, na ukubali daktari akupime tezi kwa kidole, usione aibu. Ikibaki juu, au kidole kikagusa ugumu, basi kinyama kichukuliwe bila kuchelewa.

Mama yangu, nina VVU, natumia dawa tangu mimba ya miezi saba. Mwanangu ana miezi minne, ananyonya. Alipimwa wiki sita wakasema hana. Nilikuwa na wasiwasi nikanunua kipimo cha haraka, nikampima mwenyewe usiku, mistari miwili. Nimelia mpaka asubuhi. Nimeacha kumnyonyesha tangu jana. — Mama wa mtoto wa kwanza, Iringa

Mwanangu, futa machozi, nami nikueleze taratibu.

Kipimo ulichonunua hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili hutengeneza ukikutana na kirusi. Ulipokuwa mjamzito ulimpa mtoto wako askari wako kupitia kondo la nyuma, wa surua, wa magonjwa mengine, na wa VVU pia. Wanazunguka kwenye damu yake na wanapungua polepole, kwa watoto wengine hadi miezi 18. Mistari miwili uliyoiona usiku ule inamwonyesha mama, haijasema lolote kuhusu mtoto. Vipimo vile havikutengenezwa kwa watoto wachanga.

Kipimo cha wiki sita ndicho kilichomuuliza mtoto mwenyewe. Utakumbuka walivyofanya: walimpasha kisigino joto, wakamchoma pembeni, wakafuta tone la kwanza, kisha wakaacha matone yadondoke kwenye miduara ya karatasi nene nyeupe hadi yakapenya upande wa pili. Karatasi ile inakaushwa kivulini saa kadhaa, haianikwi juani, inafungwa na vifuko vya kunyonya unyevu na kusafirishwa. Maabara inakata kijiduara cha damu kavu na kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe kwa njia ile ile ya kunakili niliyomweleza mchimbaji wa Geita. Havikuonekana. Kwa siku ile, kipimo hakikuona maambukizi kwa mtoto.

Lakini kwa kuwa ananyonya, jibu hilo linahitaji kurudiwa. Atapimwa tena kinasaba cha kirusi akiwa na miezi 9, halafu kipimo cha mwisho akifikisha miezi 18 na akiwa ameshaacha kunyonya kwa muda watakaokupangia. Kwa vile ulianza dawa mimba ikiwa imekwenda mbali, na sasa una wasiwasi huu, nenda kliniki kesho bila kungoja tarehe ya kadi. Waeleze ulichofanya usiku, hawatakugombeza, na wakikugombeza vumilia, uombe mambo mawili: mtoto achukuliwe tena damu ya kisigino, na wewe upimwe wingi wa virusi. Ukiwa unameza dawa kila siku na virusi havionekani kwenye damu yako, hatari ya kumwambukiza kwa kunyonya ni ndogo mno. Maziwa ya kopo kwenye nyumba isiyo na maji salama yana hatari zake, tena kubwa.

Mnyonyeshe leo. Matiti yakiwa yamejaa na kuuma, kamua kidogo kwanza ili aweze kushika chuchu vizuri, na dawa yake ya kinga mpe kama ulivyoelekezwa. Ukipata majibu yote mawili niandikie, karatasi yako nitaisoma kabla ya barua nyingine yoyote.